Brigid ana sikukuu, mizimu yetu ina kesi

Huku Ireland, Mtakatifu Brigid, mtawa anayesemekana kuanzisha nyumba ya watawa ya Kildare, ana sikukuu ya taifa tangu 2023, mwanzoni mwa Februari. Siku yake yenyewe, tarehe mosi, ndiyo Imbolc, sherehe ya Waairishi wa kale, majira ya baridi yanapoanza kulegea. Watoto shuleni husuka misalaba ya nyasi za kinamasini. Wapo wanaotandaza kitambaa nje usiku wa kuamkia siku hiyo, Brigid akipita akibariki, kisha wanakihifadhi kwa ajili ya maumivu ya kichwa.

Wengi watakuapia kwamba Brigid ni mungu wa kike aliyevishwa utawa. Mimi nasita. Mtawa Cogitosus aliandika maisha ya mtakatifu huyu karne ya 7. Mungu mwenye jina hilo, binti wa Dagda, mungu wa Waairishi wa kale, anayeabudiwa na washairi, tunamkuta katika kamusi ya Kiairishi iitwayo ya Cormac, yapata mwaka 900. Kwa maandishi, basi, mtakatifu ndiye aliyetangulia. Ila Gerald wa Wales, kasisi na mwandishi wa karne ya 12, anasimulia moto wa Kildare usiozimika: watawa 19 wakiulinda kwa zamu, usiku wa 20 wakimwachia Brigid mwenyewe, na mwanamume haruhusiwi kuvuka ua. Hapo hata mimi nanusa jambo la kale kuliko kanisa. Na moto huo ulipokuwa umeshazimika, waliouwasha tena mwaka 1993 ni masista wa Kikatoliki!

Mimi ni mtu wa Tanga. Huku, anayefunga kitambaa cha maombi mtini kando ya kisima kitakatifu cha Brigid anapigwa picha na watalii. Kwetu, anayepeleka ubani kwenye mapango ya Amboni anajificha, maana akionekana atahubiriwa msikitini na kanisani kwa pamoja, na wahubiri wenyewe baadhi wamelelewa na bibi waliokuwa wakitambika.

Nisiwapambe Waairishi kupita kiasi. Mapadri wao nao walivipiga vita visima hivyo kwa miaka mingi. Isitoshe, ni rahisi kuenzi kitu kisichomtisha tena mtu. Kwetu mzimu bado unaogopwa, na wapo wanaokula kwa hofu hiyo. Sidai Amboni ipewe sikukuu. Nataka mtoto wa Tanga aelezwe darasani nani walitambika pale na kwa nini, bila mwalimu kuanza na onyo.