Shida Amekuja, Shida Imekuja

Shangazi yangu alibatizwa upya akiwa na miaka 52. Kanisa alilohamia lilimwambia jina lake, Tabu, ni kifungo, basi akatoka majini akiitwa Neema. Mtaani hawajalizoea. Mgeni akiulizia kwa Neema ataambiwa huyo hatumjui. Akisema Tabu muuza vitumbua, hata mtoto mdogo atamfikisha mlangoni.

"Jina huumba," ndiyo hoja ya wanaotaka akina Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko na Mateso waishe. Wengine tunawacheka, lakini hoja hiyo haikuanza na wahubiri wa vipaza sauti. Katika kitabu cha Mwanzo, Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Baba mtu, Yakobo, hakulikubali, akamwita Benyamini. Kwa Waislamu ipo hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) kumbadilisha mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akampa jina la Jamila. Mwanamume mmoja naye aliitwa Hazn, ardhi ngumu. Mtume akamwambia awe Sahl, laini. Akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alikuja kusema kwamba ugumu ule haukuwatoka.

Sasa mtazame huyo Asiya. Asiya wa uasi huanza kwa herufi ayn na katikati ana sad. Asiya mke wa Firauni, mcha Mungu anayesifiwa, ana alif na sin. Kiswahili hakina habari na tofauti hiyo. Ukimwita Asia dirishani, sauti ya muasi na ya mchamungu ni moja, na kinachowatenganisha ni nia ya aliyetoa jina. Nani basi anaisikia hiyo maana inayoumba?

Kwa Walatini ndiko kuna kichekesho. Klaudia limetoka kwenye neno lenye maana ya kiwete. Sesilia, kipofu. Paulo, mdogo. Mzazi anayekimbia Shida kama ukoma humbatiza binti yake Sesilia, akakata na keki. Yakobo mwenyewe Esau alimlalamikia kwamba jina limemfaa, maana amemlaghai mara mbili; wala sijasikia Yakobo akiombewa kwa ajili hiyo. Tena Nyerere, kwa Kizanaki, ni kiwavi. Baba yake Mwalimu, Mtemi Nyerere Burito, aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi. Leo kiwavi huyo yuko kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kwenye bwawa la Rufiji.

Kwa hiyo upande wa pili wana lao: jina ni kumbukumbu, liacheni. Mimi naongeza kwamba majina haya mara nyingi hayamsemi mtoto kabisa. Sikujua, Sikudhani: ni nani huyo ambaye hakujua? Si kichanga. Ni mama. Siwatu ndiye ninayempenda kuliko wote. Mke aliyesumbuliwa ukweni anajifungua, anamwita mtoto Siwatu, na kuanzia siku hiyo anaita "Siwatu! We Siwatu!" mara ishirini kutwa, mawifi wakiwa palepale uani wanapepeta mchele. Hakuna ugomvi uliotokea. Anamwita mwanawe tu. Ni kazi ileile ya jina la kanga, ila kanga huchakaa. Ukija leo kumwombea Siwatu abadilishwe jina, umefuta shauri la mama yake.

Lakini wenye kumbukumbu nao husahau kwamba shauri ni la mama, anayelibeba ni mtoto. Sarufi yetu inamkinga kidogo: shida imekuja ni balaa, Shida amekuja ni mtu, kiambishi kimoja kimemtoa kwenye matatizo kikamweka kwenye ngeli ya watu. Ila mwalimu anapoita rejesta hakuna kiambishi. "Shida!" "Nipo!" Darasa zima chini kwa kicheko, kila asubuhi, miaka saba. Klaudia anayekaa dawati la pili hajui adha hiyo, kwa sababu pale darasani hakuna anayesikia Kilatini.

Hapo ndipo ninaposimama. Maana ya jina hufanya kazi masikioni mwa wanaomzunguka mtoto. Asili yake iliyolala kwenye kamusi za lugha za mbali haimgusi mtu. Na masikio hayo husikia mengine zaidi ya maana. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio lao la Boston na Chicago: walituma wasifu wa kazi karibu 5,000 wa kubuni, wakaupachika majina bila kuchagua. Walioitwa majina yanayosikika ya Wazungu, kama Emily na Greg, walipigiwa simu kuitwa kwenye usaili kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika ya Wamarekani Weusi, akina Lakisha na Jamal. Jamal kwa Kiarabu ni uzuri. Haukumsaidia.

Kwetu Chausiku hana dosari yoyote ya maana. Kazaliwa usiku, kama Atieno wa Wajaluo. Bado mjini jina lake wamelifanya la msichana wa kazi katika vichekesho, na wazazi wamelikimbia. Hilo tusiliite kuogopa laana. Ni kuogopa kuonekana washamba.

Mimi mwanangu nisingemwita Shida. Mtoto wa miaka miwili akibadilishiwa, sina ugomvi, hajaanza hata shule. Mtu mzima ni habari nyingine: ana vyeti, ana kitambulisho, ana wateja wa vitumbua, na ana watu waliomwita hivyo kwa mapenzi hadi likaacha kabisa kumaanisha tabu. Bibi alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kumpata shangazi. Nilimuuliza shangazi analipenda lipi kati ya majina yake mawili. Akasema Neema ni zuri, ila mama yake alikufa bila kulisikia.