Ukiniuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, nitakuletea picha

Mi naumwa mgongo, na sio ule wa kubeba ndoo ukilala unaamka mzima, huu unaanzia kiunoni unashuka nyuma ya paja mpaka kisiginoni na una miaka sasa. Wataalamu wanasema maumivu yakizidi miezi 3 ndo yanaitwa sugu. Ukifika hospitali unaulizwa, kati ya 0 na 10 unaumia kiasi gani? Nasema saba. Mwezi ujao saba tena. Sasa hiyo saba inamwambia nini daktari? Haimwambii kwamba kuvaa soksi asubuhi ni kazi ya kutoa machozi, wala kwamba bajaji ikipita kwenye tuta nashika bomba la pembeni kwa mikono miwili.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, mtu mwenye maumivu sugu akichora, ile picha isomwe kama maelezo ya mgonjwa. Watu wanaichukulia kama kitu cha kumpotezea mawazo tu, wakimkuta anachora wanamwambia chora twiga, chora mibuyu, chora kitu cha furaha bwana. Hapana jamani.

Mi nachora nimesimama maana kukaa siwezi muda mrefu, natumia vipande vya hadibodi vinavyobaki kwa fundi dari huku Nkuhungu, Dodoma, na rangi ya mafuta ya kopo. (Na usidharau, mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza na hadibodi na rangi za baiskeli pale Dar miaka ya 1960 mwishoni.) Kiuno nakipaka nyeusi nzito mpaka inavimba. Halafu ule mstari wa mguuni situmii brashi, nakwaruza na msumari rangi ikiwa bado mbichi mpaka ubao wenyewe uonekane, sababu yale maumivu hayapo kwenye ngozi, yako ndani huko. Kisigino sikipaki kitu, pale pamekufa ganzi.

Umbo likienda kombo sijali. Ukienda Kolo kule Kondoa, ile michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, utaona watu wekundu warefu kupita kiasi, vichwa vya ajabu, na hakuna anayesema wamekosewa. Mchoraji Frida Kahlo wa Mexico naye, basi alilopanda liligongana na tramu (treni ya barabarani mjini) 1925 akiwa na miaka 18, akaanza kuchora akiwa kitandani, na 1944 akajichora kifua kimepasuka katikati, ndani nguzo iliyovunjika na misumari mwili mzima. Ile picha ukiiona huulizi tena kama anaumwa kweli.

Mama yangu alikuwa ananiambia, mbona unaonekana mzima mwanangu? Siku aliyoona ule mkwaruzo aliupitishia kidole toka juu mpaka chini, akauliza, "Na usiku inakuwa hivi hivi?" Nikamjibu ndio mama, usiku ndo mbaya zaidi. Daktari nae nilimwonyesha kwenye simu, akauliza kwanini kisigino hakina rangi, ndo tukaanza kuongelea ganzi ambayo mimi nilikuwa hata sijawahi kuitaja.

Kuchora hakuponyeshi, dawa nakunywa na mazoezi ya fizio nafanya. Ila natamani pale kwenye mabenchi ya kusubiria daktari ziwepo karatasi zenye umbo la mtu na penseli za rangi. Foleni yenyewe ni ndefu, mtu atapata muda wa kutosha kuonyesha panapowaka, panapovuta na pasiposikia kitu, akiingia ndani anamkabidhi daktari ndo maswali yaanzie hapo.