Deraya ya joka isifanane na ya duka

Gemu nyingi za njozi huharibu deraya zake, yaani mavazi ya chuma ya vita, mara mbili: kwanza kwenye mchoro, kisha kwenye jedwali la ngawira, yaani orodha ya vitu anavyodondosha adui aliyeshindwa na nafasi ya kila kimoja kupatikana.

Tuanze na dirii, bamba la kifuani. Kazi yake si kuzuia upanga tu, ni kuufanya uteleze. Ndiyo maana mafundi wa Ulaya wa karne ya 15 waliifua ikiwa imebinuka kama ubavu wa chungu, ili ncha ya mkuki ikigonga ikimbilie pembeni. Sasa tazama dirii wanazovishwa wahusika wa kike: vikombe viwili vya matiti, na katikati yake bonde. Pigo lililoteleza kwenye kikombe chochote linaingia bondeni na kuishia kwenye mfupa wa kidari. Hilo si suala la ladha. Ni chuma kilichofuliwa kimuue anayekivaa.

Mabega nayo yana balaa lake. Yakichorwa makubwa kama mapipa, mhusika akiinua upanga bega linatoboa chapeo, na hakuna mchora mwendo atakayelificha kosa hilo. Dawa ni kujaribu mapema, kabla ya kuweka nakshi hata moja: mwinue mikono juu ya kichwa, mchuchumaze, mviringishe. Bega la mabamba kadhaa yanayopandana kama magamba ya samaki linapita mitihani yote mitatu. Bamba moja nene linaanguka mtihani wa kwanza. Na mhusika asitembee kama mbeba jiwe la kinu. Deraya kamili ya kweli ilikuwa na kilo 15 hadi 25 hivi, zimegawanywa mwili mzima, na aliyeizoea aliweza kukimbia nayo.

Uzito ukitumiwa vizuri unakuwa nusu ya mchezo. Gemu ya Elden Ring ya 2022 imeweka mipaka iliyo wazi: mzigo ukiwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wako unaviringika kukwepa pigo kwa wepesi, chini ya 70 kwa kawaida, ukifika 70 unaanguka kama gunia. Mchezaji aliye kwenye 71 anavua glavu, anajipima, anaamua. Glavu ile imepata maana. Gemu ya Skyrim ya 2011, pamoja na uzuri wake wote, ilikosea hapa: ulinzi unagota kwenye asilimia 80, na kwa deraya ya vipande vinne bila ngao unafika hapo ukiwa na alama 567 za deraya. Mhunzi aliyebobea, akisaidiwa na dawa na uchawi wa kuongeza ufundi, anaufikia mpaka huo hata kwa deraya nyepesi. Kuanzia hapo, kila chuma anachookota kinabaki kuwa pambo.

Jedwali la ngawira ndilo linalovunja watu moyo, na kosa lake ni la hesabu. Mbunifu anaandika asilimia 5 na kudhani kwamba mchezaji atapata chapeo yake ndani ya mapambano 20. Sivyo. Baada ya mapambano 20, wachezaji 36 kati ya 100 bado mikono mitupu. Baada ya 60, karibu watano hawajaiona. Seti ya vipande vinane, vyote vikiwa na nafasi sawa, inadai wastani wa ngawira 22 hivi kukamilika, na kipande cha mwisho peke yake kinakula nane. Kwa hiyo mlipe anayekosa: akikosa mara 10, ongeza asilimia 5 kwa kila jaribio linalofuata. La 11 litakuwa na asilimia 10, la 29 litakuwa na uhakika. Bahati imebaki, mateso yameondoka.

Soko halitibu ugonjwa huu. Gemu ya Diablo III ilitoka 2012 ikiwa na mnada wa vifaa, na mnada huo ukafungwa 2014, kwa sababu kununua deraya kulikuwa njia fupi kuliko kuwapiga mashetani waliopaswa kuidondosha. Kuanzia 2014 hiyohiyo ngawira zikalengwa zaidi kwa aina ya shujaa unayemchezea, na mchezo ukapumua.

Kuhusu kuvisha deraya moja sura ya nyingine, kama gemu ya World of Warcraft ilivyoruhusu mwaka 2011, naunga mkono kabisa. Bila hivyo shujaa anavaa chapeo ya huku na suruali ya kule, kiraka juu ya kiraka. Sharti langu ni moja: sura ya deraya kuu ipatikane vitani tu, isiuzwe.

Na sura hiyo imtaje adui aliyeibeba. Siku hizi rangi ya jina la kifaa, buluu au zambarau kulingana na uadimu wake, inamwambia mchezaji avae nini kabla hajaitazama deraya yenyewe. Joka la moto likianguka, dirii yake iwe na magamba yaliyoungua kingoni, riveti zilizofanya weusi, na gamba moja lenye tundu, palepale mkuki ulipopita.