Nililipia mwalimu, nikapewa video

Chuo cha mtandaoni nilichosomea usanifu wa ndani ya nyumba kilipokea pesa yangu haraka sana. Mwalimu niliyeahidiwa sijamwona mpaka leo. Nilipewa nywila, video zilizorekodiwa zamani, na maswali ya kuchagua jibu. Kazi niliyotuma ilirudi na alama pamoja na sentensi mbili tu. Wenzangu wa nchi nyingine walipata sentensi zilezile. Tulizilinganisha kwenye kundi letu la WhatsApp, hazikutofautiana hata nukta. Na muda wa kudai kurudishiwa pesa ulikuwa umekwisha kabla kazi ya kwanza haijasahihishwa.

Tukilalamika sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, watu hufikiri mara moja kwamba mega za intaneti zimeisha au umeme umekatika. Hayo tumeyazoea: mtu anapakua masomo usiku, anayatazama mchana. Kinachoniuma ni kwamba kazi hii haifundishiki bila mtu anayetazama chumba ulichokichora na kukuuliza kwa nini umekipanga hivyo.

Chuo chenyewe kilitufundisha jambo hilo. Kulikuwa na somo juu ya Bauhaus, shule ambayo Walter Gropius aliianzisha Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Mwanafunzi mpya wa pale alianza kwa kushika vitu kwa mikono yake, mbao, chuma, kioo, nguo, ajue kila kimoja kinakubali nini na kinakataa nini, ndipo aingie karakana. Somo zuri kabisa. Mwisho wake tukaulizwa shule ilianzishwa mwaka gani. Hakuna aliyetuagiza tukashike hata ubao mmoja.

Na hapa kwetu mbao ndiyo habari yenyewe. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimesimama juu ya makoro, yaani mawe ya lava, na lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002. Ukuta wa mbao unapitisha sauti. Unapitisha baridi ya usiku pia, maana tuko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vumbi jeusi linajipenyeza kati ya ubao na ubao. Anayepanga saloni, yaani sebule, ya nyumba hiyo ana maswali ya kweli: ukuta ufunikwe kwa triplexi, zile mbao nyembamba za kubandikwa, au kwa kitambaa? Rangi gani haitaonyesha vumbi? Fotei, yaani viti vya kupumzikia, zikae wapi ikiwa upande mmoja hulowa mvua ikipiga? Nilichora saloni ya namna hiyo kwa vipimo vya nyumba ya shangazi yangu. Nilikatwa alama kwa sababu vifaa nilivyotumia havimo katika orodha yao.

Somo la mwanga lilitaka madirisha makubwa yaelekee kusini. Kwa Ulaya ni sawa. Goma haifiki hata digrii mbili kusini mwa ikweta: mchana wa Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na linalosumbua ndani ni lile la asubuhi na la jioni.

Lakini kazi iliyonikasirisha kuliko zote ilikuwa kupanga chumba cha kulala wageni chini ya ardhi. Mtu wa Goma anajua mazuku: kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu, inayojikusanya mashimoni na mabondeni, hasa magharibi ya mji kando ya ziwa. Imeua watu na mifugo. Niliandika pembeni ya mchoro kwamba kwetu chumba kama hicho kinaweza kumuua anayelala humo, nikaeleza sababu, nikapandisha kitanda juu. Nikapewa sifuri katika kipengele cha kufuata maagizo. Binadamu akisoma maneno yale angalau angeniuliza swali.

Najua nitaambiwa niende chuo cha kweli. Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa inafundisha usanifu wa ndani, lakini kutoka Goma kwenda Kinshasa ni nauli ya safari ndefu, kisha nyumba ya kupanga, kisha chakula cha miaka. Ndiyo sababu vyuo vya mtandaoni vinatupata kirahisi, na ndiyo sababu vinapaswa kutuheshimu zaidi. Vituambie mapema pia kwamba cheti chao si diploma. Mwenzangu alitumaini kukiombea ekivalansi wizarani, yaani kitambuliwe kuwa sawa na diploma, na alipouliza chuo hakuna aliyemjibu.

Niliyoyajua kuhusu mbao nimefundishwa na papa fundi anayetengeneza vitanda jirani na kwetu. Alinionyesha ubao mbichi ulioshushwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaniambia nikiupigilia kabla haujakauka utajikunja na kung'oa misumari. Nilirudi baadaye kutazama, ikawa kama alivyosema.

Ndugu unayetaka kujiandikisha, kabla hujatoa dola zako omba jina la mtu atakayesahihisha kazi zako. Mtumie picha ya chumba chako mwenyewe, usikie atasema nini. Wakishindwa kukupa jina, usilipe.

Mimi bado nawaandikia. Nataka ile kazi ya chumba cha chini ya ardhi isomwe na mtu, na sifuri ile ifutwe.