Taa Zilizonikimbia Mbele ya Mama Mkwe

Najua mmeshaiona ile video. Sekunde 40, imeandikwa "mchawi wa taa", na vikatuni vya kucheka havihesabiki. Aliyeirusha ni shoga yangu, anajijua, simtaji kwa sababu bakuli langu bado liko kwake. Sasa kaeni niwape upande wangu kabla aibu haijapoa.

Tulikuwa tunawakaribisha wakwe jioni, bustanini. Wiki nzima nilikuwa fundi. Chupa 12 za jemu nilizibandua karatasi mpaka kucha zikaisha. Nikachukua taa za sola, zile za kuchomeka ardhini, nikazing'oa vichwa na kuvikalisha kwenye midomo ya chupa, kipaneli kikitazama juu kama kifuniko. Vilikaa utadhani vilizaliwa hapo. Makopo ya bati nayo nilitaka kuyatoboa maua kwa msumari. Niliambiwa nijaze maji nigandishe kwanza, kopo halitabonyea. Kweli halikubonyea. Ila maji yakiganda yanatanuka, na mimi, mtu wa kujaza mpaka ukingoni, niliyatoa frizani yamevimba vitako, hakuna hata moja linaloweza kusimama. Basi yakawa makopo ya kuning'iniza. (Mkijaribu, acheni nafasi juu. Nimesema.)

Jua likazama. Chupa zikajiwasha moja baada ya nyingine. Jamani, palipendeza! Kiburi kikanishika, nikasimama kuhutubia: "Mama, taa hizi hazina swichi. Zina akili zake. Zikiona giza zinawaka, zikiona mwanga zinazima."

Yashikeni maneno hayo. Niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Shoga akadakia: "Ngoja nirekodi, pita uzionyeshe moja moja."

Nikaiendea ya kwanza, nikainyooshea mkono kama mtangazaji wa televisheni. Ikazima. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha puani. Nikasogea kwenye ya pili, shoga yuko nyuma yangu. Ikazima. Kugeuka, ya kwanza inawaka! Bustani nzima kimya. Nikasikia mtu anameza mate. Ya tatu nikaiendea kwa kunyata. Ndiyo, nilinyata, kama mtu anayevizia kuku. Zimebaki hatua mbili, giza. Na ile ya pili huko nyuma ikawaka tena, inang'aa kwa raha zake. Mama mkwe akatua kikombe taratibu, akaniuliza kwa sauti ile wanayoulizwa wagonjwa:

"Mwanangu, mbona zinakukimbia?"

Wafuasi wangu, msinicheke, na nyinyi mngefanya nini? Ya nne niliiongelesha. Hicho kipande kipo kwenye video, sekunde ya 31: "Tafadhali, isiwe leo." Ikazima. Ya tano nikaijia kinyumenyume, nikidhani haitanitambua. Ikanitambua. Mume wangu kaangalia pembeni kama vile tulikutana siku hiyo. Wifi alishaanza kukemea chini chini, na sikuwa na uhakika anakemea taa au ananikemea mimi.

Kesi ilimalizwa na mtoto wa wifi, wa darasa la 3: "Anti, si tochi ya ile simu?"

Kumbe shoga amewasha tochi ya simu ili video isitoke nyeusi! Kila ninakoelekea anamulika, na mwanga unatua sawasawa juu ya kipaneli. Taa inadhani kumekucha, inakwenda kulala. Tochi ikazimwa, chupa zote 12 zikawaka, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, tukala, wakaaga. Kwenye video ukitazama vizuri mwanga unauona. Lakini nani anatazama vizuri wakati kuna mtu anaibembeleza chupa ya jemu?

Mama mkwe aliondoka na chupa 2, alizipenda. Jana kapiga simu: haziwaki. Nikamuuliza kaziweka wapi. Sebuleni, chini kabisa ya taa ya dari, ili wageni wake wazione vizuri.

Nikamwambia, "Mama, nakuja mwenyewe nizitazame."

"Hapana, mwanangu," akasema. "Wewe kaa mbali nazo."