Karatasi yenye utando wa kuzuia unyevu: itafaa nini Kigoma?

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iliyoanza Tanzania Juni 1, 2019 haikugusa vifungashio vya bidhaa zenyewe, na ndiyo maana dagaa wa Kibirizi, chumvi ya Uvinza na unga wa muhogo wa Kasulu bado vinauzwa ndani ya nailoni. Mbadala unaosifiwa siku hizi ni karatasi iliyopakwa utando mwembamba wa kuzuia unyevu, ambayo watengenezaji wake wanasema inaweza kurejelezwa. Sifa hiyo ina msingi, lakini kwa Kigoma nadhani inatiliwa mkazo mahali pasipostahili.

Karatasi tupu haiwezi kazi hii, kwa kuwa nyuzi zake za selulosi huvuta maji. Njia ya zamani ni kuibandika ngozi ya polietilini, plastiki ile ile ya mifuko ya kawaida, ambayo kiwandani, karatasi inapovurugwa majini iwe rojo, hubanduka vipande vikubwa vinavyolazimu kuchujwa, na viwanda vingi havitaki usumbufu huo. Njia mpya hutumia chembe ndogo za polima, yaani malighafi ya jamii ya plastiki, zilizotawanywa ndani ya maji, zikapakwa mithili ya rangi ya ukutani na kukaushwa, kwa kawaida kati ya gramu 5 na 15 kwa kila mita ya mraba. Utando wa aina hii, ukitengenezwa vizuri, husambaratika pamoja na rojo bila kuzikwamisha nyuzi. Tukichukua karatasi ya gramu 80 iliyopakwa gramu 8, polima ni asilimia 9 tu ya uzito wote, ilhali nailoni yenye unene wa maikroni 50 ina takribani gramu 46 za plastiki kwa eneo lile lile.

Hapo ndipo penye faida ya kweli, nami siidharau. Shida inaanza pale mfungashaji anapoonyeshwa namba ya maabara. Kiasi cha mvuke unaopenya kifungashio hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba kwa siku, lakini vipimo hufanyika katika mazingira tofauti: vingine kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50, vingine kwenye nyuzijoto 38 na unyevu wa asilimia 90, hali inayoitwa ya kitropiki. Utando uleule unaweza kung'ara katika kipimo cha kwanza na kuaibika katika cha pili, hasa ule wa polivinili alkoholi, ambao huzuia oksijeni vizuri ukiwa mkavu lakini hulegea hewa inapojaa unyevu. Kwa mfanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayehifadhi mzigo ghalani tangu mvua za Novemba hadi Aprili, namba ya kipimo cha kwanza haina msaada mkubwa.

Kuna pia suala la mikunjo. Utando mwembamba hupata nyufa pale karatasi inapokunjwa, yaani kwenye pembe na kwenye kitako cha mfuko, sehemu zile zile zinazosuguana mzigo unaporushwa juu ya lori, na mvuke hauhitaji mlango mpana. Tena utando huzuia kotekote: dagaa walioanuliwa kabla ya kukauka sawasawa, kwa sababu wingu lilitanda mchana, watatoa jasho ndani ya mfuko uliozibwa na kuota ukungu, wakati gunia lingewapa angalau nafasi ya kupumua. Hakuna kifungashio kinachofidia chanja lililokosa jua.

Watetezi wa karatasi watajibu kwamba hata nailoni haiwakaushi dagaa, na wako sahihi. Ila nailoni ina jambo jingine ambalo karatasi haina: mnunuzi anaona ndani. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga, na mama anayenunua sokoni hutaka kuwatazama, akiweza hata kumvunja mmoja, kabla hajatoa pesa.

Kuhusu urejelezaji wenyewe, karatasi iliyoloa mafuta na harufu ya samaki si malighafi nzuri, uwe utando wake wa namna gani. Hata iliyo safi ina safari ndefu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko Mufindi mkoani Iringa, mahali ambapo reli ya kati haifiki; yenyewe hutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Karatasi chakavu hujaza behewa upesi kuliko inavyoongeza uzito, na bei yake ni ndogo, kwa hiyo sioni nani atagharamia usafiri huo bila ruzuku. Hatima ya mifuko mingi itakuwa kuwashia jiko la mkaa.

Kwa hiyo ningeanza na unga wa muhogo: ni mkavu, hauna mafuta, huisha dukani mapema na huacha mfuko safi. Chumvi ingesubiri, maana huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, kiwango ambacho msimu wa mvua hukifikia mara nyingi. Dagaa wa kusafirishwa mbali ningewaacha kwenye nailoni nzito kwa sasa. Na hata kwa unga, mfungashaji asilipie shehena kabla muuzaji hajatoa matokeo ya kipimo cha nyuzijoto 38, yaliyochukuliwa kwenye karatasi iliyokwisha kukunjwa.