Abiria 55, Choo Kimoja

Haya, ni Februari 2003, Rais Bush wa Marekani anataka kuipiga Iraq, na wewe huko Boston umekasirika. Safi. Sasa kaa kitako uambiwe hasira hiyo inakugharimu nini ukipanda basi kwenda kwenye maandamano ya kupinga vita New York tarehe 15 mwezi huo, baridi iko chini ya sifuri.

Mtaambiwa basi linaondoka saa 11 alfajiri, litaondoka saa 12, maana mmoja kasahau bango na mwingine karudi kukojoa. Huyo wa pili msimlaumu, ndiye mwenye akili peke yake. Choo cha basi kiko nyuma, hakina maji ya kuvuta, ni tangi tu lenye dawa ya bluu inayochezacheza kila dereva akikanyaga breki. Mkiingia Connecticut, jimbo la katikati ya safari, harufu imeshahamia viti vya katikati.

Jinzi acha nyumbani. Dereva anafungulia hita mpaka mnaiva, pamba inalowa jasho, mkishuka inakugandia mwilini. Vaa sufu, juu yake koti la kuzuia upepo. Na vile vipakiti vya unga wa chuma vya kupasha moto! Watu wanavishindilia ndani ya buti, wanakaza kamba, halafu wanalalamika ni feki. Unga ule unapata moto kwa kushika kutu, kutu inataka hewa, na ndani ya buti lako hewa iko wapi? Weka kwenye glavu. Miguuni simamia kipande cha boksi, kwani lami ndiyo inayokunyonya joto.

Mmefika. Muandamane? Thubutu! Mahakama imekubaliana na jiji: hakuna kutembea, simameni barabara ya First Avenue, kaskazini ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Zaidi ya kilomita 300 kwenda kusimama, kana kwamba Boston hakuna pa kusimama! Polisi wamepanga vizuizi vya chuma, kila kipande cha barabara zizi lake. La mbele likijaa mnasogezwa kaskazini, na wengine wanaishia Third Avenue, barabara nyingine kabisa, jukwaa hawalioni. Desmond Tutu mwenyewe anahutubia, wewe unasikia kwato za farasi wa polisi. Ukitoka zizini kutafuta choo, kurudi ni bahati nasibu. Na mgahawani choo ni cha wateja, kwa hiyo nunua kahawa, ambayo baada ya nusu saa inakurudisha palepale.

Basi nalo halina pa kuegesha Manhattan, kisiwa chenyewe mlichoshukia. Linashusha, linapotea. Namba ya kiongozi wa basi iandike kwenye karatasi, kwani betri ya simu hufa kwa baridi. Andika na kona ya kukutania, kabla hujashuka. Dereva habembelezeki: sheria inampa saa 10 za kuendesha na 15 za kuwa kazini, basi. Ukichelewa, kituo cha mabasi cha Port Authority kiko 42nd Street, upande wa pili wa kisiwa, na nauli ni juu yako.